Trela za michezo ya video: mnunuzi huonyeshwa nini, huuziwa nini

Desemba 7, 2023, mchezo wa video uitwao The Day Before uliingia sokoni katika duka la mtandaoni la Steam kwa bei ya dola 39.99 za Marekani. Kabla ya siku hiyo ulikuwa miongoni mwa michezo iliyosubiriwa na watu wengi zaidi katika duka hilo. Trela zake zilionyesha Marekani iliyoangamizwa na maradhi, miji mikubwa iliyoachwa tupu, na wachezaji wengi wakisaka chakula na silaha ndani ya dunia moja pana.

Walionunua walikuta kitu kingine. Dunia ilikuwa ndogo kuliko walivyotarajia, kazi za kufanya zilikuwa chache na hitilafu zilikuwa nyingi. Siku nne baadaye, Desemba 11, studio ya Fntastic iliyoutengeneza ilitangaza kuwa inafunga milango. Mauzo yalisimamishwa, wanunuzi wakarejeshewa fedha, na Januari 22, 2024 seva zikazimwa. Mchezo wenyewe haupo tena.

Kisa hicho ni cha mbali, lakini biashara yenyewe haina mpaka. Kijana wa Nairobi, Dar es Salaam, Kampala au Goma hutazama trela ile ile anayotazama kijana wa London, siku hiyo hiyo, na hulipa kwenye duka lile lile. Kinachotofautiana ni njia aliyonayo ya kudai haki yake anapogundua kuwa ameuziwa mbuzi kwenye gunia.

Makala haya yanaeleza trela hizi ni za aina gani, kwa nini hupotosha, mamlaka za nchi mbalimbali zimeamua nini, na mnunuzi wa kwetu ajilinde vipi.

TRELA NI NINI

Trela ni video fupi ya kunadi mchezo ambao mara nyingi bado haujaingia sokoni. Wengine huita kionjo. Neno hilo limetoka kwenye filamu, lakini kuna tofauti kubwa. Trela ya filamu hukatwa kutoka kwenye filamu iliyokwisha kupigwa. Trela ya mchezo wa video inaweza kutengenezwa miaka miwili au mitatu kabla ya mchezo wenyewe kukamilika, na inaweza isiwe na hata sekunde moja ya mchezo huo.

Kwa jumla kuna aina nne:

1. Filamu ya katuni. Kampuni maalumu ya uhuishaji hulipwa kutengeneza video nzuri isiyotoka kwenye mchezo. Mtazamaji huonyeshwa hadithi na hisia, si namna ya kucheza.

2. Picha ya lengo. Wabunifu huchora jinsi wanavyotumaini mchezo utaonekana, kisha video hiyo hutolewa hadharani. Ni sawa na mchoro wa mkandarasi wa nyumba ambayo msingi wake haujachimbwa.

3. Kipande cha mfano. Hapa mchezo unachezwa kweli, lakini ni sehemu ndogo ya dakika kumi au ishirini iliyong'arishwa kwa ajili ya maonyesho, mara nyingi kwenye kompyuta yenye nguvu kuliko aliyo nayo mnunuzi wa kawaida. Sehemu nyingine zote huenda hazijatengenezwa.

4. Mchezo wenyewe. Video iliyorekodiwa mtu akicheza, kwenye mashine ile ile ambayo mnunuzi ataitumia.

Aina ya kwanza si udanganyifu ikiwa inajulikana kuwa ni filamu tu. Matatizo huanza pale aina ya pili au ya tatu inapoonyeshwa kana kwamba ni ya nne.

KWA NINI TRELA HUPOTOSHA

Sababu kubwa ni ya kiuchumi. Michezo mikubwa huchukua miaka kadhaa kutengenezwa na hugharimu mamilioni ya dola. Kampuni inahitaji wawekezaji, wenye maduka na wanunuzi waanze kuiamini mapema, wakati bidhaa bado haijakamilika.

Kisha kuna oda za mapema. Mnunuzi hulipa bei kamili, ambayo kwa miaka mingi ilikuwa dola 60 kwa michezo mikubwa na tangu 2020 imepanda hadi dola 70 kwa mingi, kabla mchezo haujatoka. Magazeti na tovuti zinazopewa nakala za kujaribu hutakiwa kuahidi kutochapisha uchambuzi wao hadi saa fulani iliyopangwa na kampuni. Mara nyingine saa hiyo ni siku moja au mbili tu kabla ya mauzo, au siku yenyewe. Hivyo fedha hutangulia na ukaguzi hufuata.

Mwanauchumi wa Marekani George Akerlof aliandika mwaka 1970 juu ya soko ambalo muuzaji anaijua bidhaa na mnunuzi haijui. Mfano wake ulikuwa magari yaliyotumika, na kazi hiyo ilichangia apewe Tuzo ya Nobel ya uchumi mwaka 2001 pamoja na wenzake wawili. Hoja yake ni kwamba mnunuzi asipoweza kutofautisha kizuri na kibaya, muuzaji wa kizuri naye huumia, kwa kuwa hakuna anayekubali kumlipa bei ya haki.

Wasomaji wetu wanaoagiza magari Japani wanaijua hali hiyo vizuri. Picha kwenye tovuti inang'aa, injini hujaisikia. Ndiyo maana Kenya, kwa mfano, hutaka gari lililotumika likaguliwe kabla ya kupakiwa melini. Mchezo wa video hauna mkaguzi wa namna hiyo. Trela ndiyo picha inayong'aa, na kwa anayelipa mapema hakuna ukaguzi wowote bandarini.

MATUKIO YALIYOJENGA HISTORIA

Killzone 2 (2005). Katika maonyesho ya E3 mjini Los Angeles, Mei 2005, Sony ilikuwa ikiinadi PlayStation 3, mashine iliyoingia sokoni mwaka uliofuata. Ilionyesha video ya askari wakishuka kwenye uwanja wa vita, na watazamaji wengi waliamini kuwa ni mchezo halisi. Baadaye ilifahamika kuwa ni picha ya lengo. Mchezo wenyewe ulionyeshwa hadharani mwaka 2007 na ukauzwa kuanzia Februari 2009. Studio ya Guerrilla Games ya Uholanzi ilisifiwa kwa kazi hiyo, lakini video ya 2005 imebaki kuwa mfano unaotajwa hadi leo.

Call of Duty 2 (2006). Mamlaka ya Viwango vya Matangazo ya Uingereza, ASA, ilikubali malalamiko dhidi ya matangazo ya televisheni ya mchezo huu wa kampuni ya Activision. Sababu ilikuwa kwamba picha zilizoonyeshwa hazikutoka kwenye mchezo wenyewe na zingeweza kumpotosha mtazamaji kuhusu ubora wake. Maandishi madogo yanayosema kuwa picha si za mchezo wenyewe, ambayo leo tunayaona chini ya matangazo mengi, yana uhusiano na maamuzi ya namna hii.

Dead Island (2011). Februari 2011 ilitolewa video ya familia iliyoshambuliwa na maiti wanaotembea ikiwa likizoni kisiwani. Matukio yalirudishwa nyuma, kutoka kifo cha binti mdogo hadi mwanzo wa shambulio. Ilitengenezwa na Axis Animation ya Glasgow na ikapata Simba wa Dhahabu katika tuzo za matangazo za Cannes mwaka huo. Mchezo ulipotoka Septemba ulikuwa wa kupiga maiti kwa makasia na mapanga, na huzuni ile haikuwa na nafasi kubwa ndani yake. Hakuna aliyethibitisha kosa la kisheria, kwani ilijulikana kuwa ni filamu. Somo ni kwamba video inaweza kuwa kazi bora ya sanaa na isikuambie chochote kuhusu unachonunua.

Aliens: Colonial Marines (2013). Hiki ndicho kisa kilichofika mbali zaidi kisheria. Sega na studio ya Gearbox ya Texas zilionyesha vipande vya mchezo huu kwenye maonyesho ya 2011 na 2012. Vilikuwa na mwanga mzuri, vivuli vya kutisha na maadui werevu. Februari 12, 2013 wanunuzi walipata mchezo wenye picha hafifu na maadui waliokuwa wakikimbia ovyo. Malalamiko yalifikishwa ASA, na Sega ikakubali kuwa trela zake hazikulingana sawasawa na bidhaa ya mwisho. Iliahidi kuweka maelezo ya tahadhari kwenye video hizo.

Aprili 2013 wanunuzi walifungua kesi katika mahakama ya shirikisho jimboni California. Mwaka 2014 nyaraka za kesi zilionyesha kuwa Sega ilikuwa tayari kulipa dola milioni 1.25 ili kuimaliza. Gearbox ilipinga madai hayo, na mwaka 2015 iliondolewa kwenye kesi, huku wadai wakiacha kuiendesha kama kesi ya pamoja ya wanunuzi wote.

Watch Dogs (2014). Ubisoft ya Ufaransa iliuonyesha mchezo huu kwa mara ya kwanza E3 mwaka 2012, na picha zake za mvua na upepo mitaani Chicago ziliwashangaza wengi. Ulipotoka Mei 27, 2014, wachezaji walilinganisha video mbili hizo na kulalamika kuwa ubora umeshushwa. Hata hivyo, Ubisoft ilitangaza kuuza nakala milioni 4 katika wiki ya kwanza. Kwa mtazamo wa biashara, soko halikuiadhibu kampuni.

No Man's Sky (2016). Hello Games, studio ndogo ya Guildford, Uingereza, iliahidi anga lenye sayari zisizohesabika. Ulipoingia sokoni Agosti 2016, wengi walidai kuwa mambo waliyoyaona kwenye trela hayamo. ASA ilipokea malalamiko 23 kuhusu ukurasa wa mchezo huo kwenye Steam. Novemba 30, 2016 iliamua kuwa hakuna kanuni iliyovunjwa. Ilisema sayari za mchezo huo huundwa na kompyuta kwa kanuni maalumu, hivyo mnunuzi angeelewa kuwa picha ni sampuli tu na si lazima akutane na vitu vile vile. Hello Games iliendelea kuongeza mambo bila kutoza malipo ya ziada kwa miaka mingi, na sifa ya mchezo ikarudi.

Cyberpunk 2077 (2020). CD Projekt ya Poland iliunadi mchezo huu tangu Januari 2013. Video ndefu ya mwaka 2018 ilikuwa na maandishi kuwa kazi bado inaendelea. Wachambuzi wengi walipewa toleo la kompyuta pekee kabla ya mauzo, si lile la mashine za zamani za PlayStation 4 na Xbox One. Oda za mapema zilifika milioni 8. Desemba 10, 2020 wenye mashine za zamani walikuta mchezo unaokwama na kuzima. Desemba 18 Sony iliuondoa dukani kwake na kurejesha fedha. Haukurudi hadi Juni 21, 2021.

Kuna jambo la kuzingatia hapa. Kampuni hiyo imeorodheshwa kwenye soko la hisa la Warsaw. Wawekezaji waliishtaki nchini Marekani wakidai hawakuambiwa ukweli kuhusu hali ya mchezo, na Desemba 2021 yalifikiwa makubaliano ya dola milioni 1.85. Fidia hiyo ilikuwa ya wenye hisa. Mnunuzi wa kawaida alichopata ni fedha yake ya mchezo, tena kwa sababu maduka na kampuni yalikubali kuirudisha.

UPANDE WA SIMU

Kwa wasomaji wetu wengi, mchezo wa video ni ule wa kwenye simu, na hapa upotoshaji una sura nyingine. Mchezo ni wa bure kupakua. Kampuni hupata fedha kutoka kwa wachache wanaonunua vitu ndani ya mchezo, na kutokana na matangazo.

Kampuni hiyo hulipa mitandao kama Facebook ili kupata watu wapya, na hupima kila mtu mmoja anayepakua amegharimu kiasi gani. Inaweza kutengeneza video nyingi tofauti na kuzijaribu zote. Inayoleta watu kwa gharama ndogo ndiyo huendelea. Kipimo hicho hakiulizi kama video inafanana na mchezo. Hivyo hata bila mtu kukaa na kupanga uongo, njia yenyewe huchagua video yenye mvuto zaidi, iwe ya kweli au la.

Septemba 30, 2020 ASA ilipiga marufuku matangazo mawili ya Facebook ya michezo ya Homescapes na Gardenscapes ya kampuni ya Playrix. Yalionyesha mtu akichomoa pini ili kumwokoa mhusika asiungue au asizame. Mchezo wenyewe kwa sehemu kubwa ni wa kupanga vitu vitatu vya rangi moja kwenye mstari. Playrix ilijitetea kuwa mafumbo ya pini yamo ndani. ASA ilijibu kuwa mchezaji hukutana nayo mara chache baada ya kupita hatua nyingi, na kwamba maandishi ya tahadhari kuwa si picha zote ni za mchezo hayakutosha kuondoa upotoshaji.

Upungufu huo uligeuka fursa kwa wengine. Mwaka 2023 studio ya Monkeycraft ya Japani ilitoa mchezo wa Nintendo Switch na Steam uliokusanya mafumbo ya kwenye matangazo hayo, pini zikiwemo, na kuyafanya yachezeke kweli. Watu walikuwa tayari kulipia kile walichokuwa wakionyeshwa bure kwa uongo.

Wengine husema mchezo wa bure hauna hasara. Si kweli kwa mtu anayenunua bando la siku. Kupakua mchezo mkubwa hula bando, na bando hilo halirudi. Kwa kuwa bei ya mchezo ilikuwa sifuri, hakuna fedha ya kudai.

SHERIA ZIMESAIDIA KIASI GANI

Ukiangalia matukio hayo, mambo matatu yanajitokeza.

Kwanza, maandishi ya tahadhari hayalindi mtu. Yaliahidiwa kwenye Aliens baada ya watu kulipa, na yalikuwepo kwenye matangazo ya Playrix. Mwenye haraka hayasomi, na anayeyasoma haambiwi mchezo wenyewe unafananaje.

Pili, aibu haitoshi. ASA haina mamlaka ya kutoza faini. Hutangaza uamuzi na kuagiza tangazo liondolewe, lakini wakati huo mauzo makubwa yamekwisha kufanyika. Uingereza imeongeza makali kupitia sheria ya masoko ya kidijitali, ushindani na watumiaji ya 2024. Tangu Aprili 2025 Mamlaka ya Ushindani na Masoko ya nchi hiyo inaweza yenyewe kutoza hadi asilimia 10 ya mapato ya dunia ya kampuni kwa kupotosha watumiaji.

Tatu, kilichobadilisha hesabu zaidi ni haki ya kurudishiwa fedha. Mwaka 2014 Tume ya Ushindani na Watumiaji ya Australia ilimshtaki Valve, mmiliki wa Steam, kwa kuwaambia wanunuzi kuwa hawana haki hiyo. Juni 2015, kesi ikiendelea, Steam ilitangaza utaratibu wa kurejesha fedha duniani kote. Mahakama ya Australia iliamua dhidi ya Valve mwaka 2016 na kuitoza faini ya dola milioni 3 za nchi hiyo. Novemba 2016, baada ya kelele za No Man's Sky, Steam iliwataka pia watengenezaji watumie picha za mchezo wenyewe kwenye kurasa za mauzo, badala ya michoro.

Tofauti inaonekana ukilinganisha visa viwili. Mwaka 2013 waliotaka fedha zao za Aliens walilazimika kwenda mahakamani. Mwaka 2023 walionunua The Day Before walirejeshewa ndani ya siku chache. Trela zote mbili zilipotosha. Kilichobadilika ni kwamba kampuni inayojua fedha inaweza kurudi haiwezi kuzihesabu kuwa zake mara tu trela inapofanya kazi.

SHERIA ZA KWETU

Ukanda wetu hauko mtupu kisheria.

Kenya: Kifungu cha 55 cha Sheria ya Ushindani ya 2010 kinakataza maelezo ya uongo au ya kupotosha kuhusu bidhaa na huduma. Msimamizi ni Mamlaka ya Ushindani ya Kenya. Ipo pia Sheria ya Kumlinda Mlaji ya 2012.

Tanzania Bara: Sheria ya Ushindani ya 2003, vifungu vya 15 na 16, inakataza mwenendo wa kupotosha na maelezo ya uongo katika biashara. Msimamizi ni Tume ya Ushindani, FCC.

COMESA: Kanuni zake za Ushindani zina sehemu ya kumlinda mlaji dhidi ya maelezo ya kupotosha katika biashara inayovuka mipaka. Tume yake, iliyoanza kazi mwaka 2013, ipo Lilongwe, Malawi. Kenya, Uganda, Rwanda, Burundi na Kongo ni wanachama. Tanzania ilijitoa COMESA mwaka 2000.

Jumuiya ya Afrika Mashariki: Ina Sheria ya Ushindani ya 2006, inayogusa pia maslahi ya mlaji.

Ugumu uko kwenye kuitumia. Muuzaji yuko Ulaya, Asia au Marekani, duka liko hewani, na kiasi kinachodaiwa ni dola 40 au 60. Wakili atatoza zaidi ya hapo. Aidha, wachezaji wengi wa ukanda huu hufungua akaunti zilizosajiliwa Afrika Kusini, Uingereza au Marekani, na hulipa kwa kadi za zawadi walizonunua kwa watu wa kati. Risiti inakuwa ya mtu mwingine, nchi inakuwa nyingine. Mamlaka ya Nairobi au Dar es Salaam ikiuliza nani amemuuzia nani, jibu si rahisi.

Kwa sababu hiyo, kinga ya karibu kwa mnunuzi wa kwetu ni masharti ya duka lenyewe, na masharti hayo yanapaswa kusomwa kabla ya kulipa.

MASHARTI YA KUREJESHEWA FEDHA

Steam: Omba ndani ya siku 14 tangu ununue, ukiwa umecheza chini ya saa 2. Zingatia saa 2 hizo. Michezo mingi huweka sehemu yake nzuri zaidi mwanzoni.

PlayStation Store: Siku 14, lakini kwa mchezo kamili uwe hujaanza kuupakua. Ukishaanza kupakua, haki hiyo kwa kawaida imekwisha, isipokuwa bidhaa iwe na kasoro.

Google Play: Kwa kawaida maombi hufanywa ndani ya saa 48. Baada ya hapo unaelekezwa kwa mtengenezaji.

Kadi ya zawadi: Duka likikubali kurejesha, fedha mara nyingi hurudi kwenye salio la akaunti, si mkononi. Muuzaji wa kadi mtaani hahusiki tena.

MASWALI KABLA HUJALIPA

1. Je, video inaonyesha mtu akicheza? Tafuta alama za kwenye skrini kama vile uhai, ramani na risasi. Zikikosekana kabisa, huenda ni filamu tu.

2. Je, imerekodiwa kwenye mashine gani? Mchezo unaovutia kwenye kompyuta ya bei ghali unaweza kukwama kwenye mashine yako ya zamani. Cyberpunk ilitoa somo hilo.

3. Je, maneno yanasema ni mchezo wenyewe, au yanasema video imetengenezwa kwa injini ya mchezo? Haya mawili si kitu kimoja. Injini ni karakana tu, na filamu pia inaweza kutengenezwa humo.

4. Je, kuna uchambuzi huru uliochapishwa? Kama haupo siku ya mauzo, subiri. Faili haliishi dukani, na bei mara nyingi hushuka baada ya miezi michache.

5. Kwa mchezo wa simu, tazama picha za ukurasa wa duka na maoni ya watumiaji kabla ya kubonyeza tangazo. Ukurasa wa duka na tangazo vikionyesha michezo miwili tofauti, umekwisha kupata jibu.

6. Je, akaunti na risiti ni za jina lako? Bila hivyo hata duka lenye masharti mazuri halina wa kumrudishia.

Wahenga walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Katika biashara hii kizuri nacho hutembezwa, kwa trela nzuri vile vile, na ndiyo maana trela peke yake haimsaidii mnunuzi kuvitofautisha. Trela ni ahadi ya muuzaji kabla bidhaa haijakamilika. Anayeshikilia fedha yake hadi bidhaa ionekane, au anayelipa mahali inapoweza kurudi, ndiye mwenye nguvu katika biashara hiyo.